Grisi ya Bandarini

Jumanne, 16 Januari 1945

Luteni Teobaldo amekufa. Leo, saa nne na robo asubuhi, kwenye njia ya kurukia hapa kwa Wataliano, mbele ya macho yetu wote.

Bomu la bawa la kushoto lilikataa kuanguka huko walikokwenda. La kulia lilianguka. Akarudi nalo linaning'inia. Mnarani wakamwambia kwa redio aruke nje na mwavuli. Akajibu ndege nzima, petroli ipo, aitupe kwa nini? Akatua. Alitua vizuri! Magurudumu yamegusa tu, bomu likaachia, likaingia chini ya tairi. Ndege ikapinduka. Moto. Tulikimbia, hatukufika. Bomu likalipuka mle motoni, tukalala kifudifudi kwenye tope.

Bomu hilo nililifunga mimi. Mimi na Eurico.

Basi.

Jumatano, 17 Januari

Kazi kama kawaida. Tumeamka saa kumi na moja. Baridi ya kukata masikio. Mabomu ishirini na mbili ya kubeba kabla jua halijatoka, jana yalikuwa ishirini na nne, sasa ndege moja imepungua. Kila bomu kilo mia mbili na ushee. Unalisukuma kwa toroli, unalipandisha kwa jeki, mwenzako anaingiza kulabu, unakaza skrubu za pembeni lisiyumbe. Halafu mikanda ya risasi, bunduki nane kila ndege. Halafu unasimama pembeni, unapuliza vidole.

Wameruka mara tatu leo. Daraja asubuhi, treni saa sita, tena daraja lile lile jioni. Eti Wajerumani wamelitengeneza ndani ya saa nne! Eurico akasema hao wangeletwa kwetu Rio barabara zingekwisha kujengwa.

Watu walicheka kidogo. Halafu kila mtu akaangalia ile nafasi tupu. Nafasi ya ndege yake ipo kati ya miti miwili ya misonobari, imebaki mafuta chini na kile kiti kibovu cha Anacleto. Anacleto ni fundi wake wa injini. Amekaa pale kutwa. Hana ndege ya kutengeneza. Nilimpelekea kahawa, akaishika tu mpaka ikapoa.

Sajenti Lindolfo, mkubwa wetu wa silaha, alituita mimi na Eurico.

— Mlifungaje?

— Kama kila siku, sajenti.

— Skrubu?

— Sawasawa.

— Waya?

— Sawasawa.

Akatuangalia. Akasema ile kulabu imeyeyuka, haina cha kuonyesha. Anaandika kwamba sababu haijulikani. Tukaondoka. Nilikuwa nasema kweli. Naandika hapa ili nikumbuke kwamba skrubu na waya vilikuwa sawasawa.

Teobaldo alikuwa ananiita mkwe. Ilianzia kwenye picha ya binti yangu Dinorá, niliyoipachika kwenye sanduku la spana. Akaiona. Ana miaka mingapi? Kumi na tisa. Tangu siku hiyo, kila asubuhi akija na mwavuli wake mgongoni anapiga kelele kutoka mbali, Mkwe! Umenifungia vizuri, au unataka binti abaki mseja? Namjibu nenda zako, sikupi binti, huna hata masharubu. Anapanda anacheka. Kila siku! Hata siku za mvua. Nilimwandikia Dinorá, naye akajibu mwambie huyo luteni aje kwanza aombe kwa shangazi. Nilimsomea. Aliruka na ile barua mfukoni, alisema ni uchumba umeanza.

Miaka ishirini na nne. Luteni. Ningempa.

Alhamisi, 18 Januari

Ukungu. Huoni mkono wako. Hakuna kuruka.

Tumepika maharage kwenye hema, ya kwetu, yale meusi. Meli imeleta magunia na unga wa muhogo. Siku nyingine ingekuwa sikukuu. Eurico aligonga samba kwenye boksi la risasi, akaacha katikati.

Sasa lazima niandike hili.

Baada ya chakula nilikwenda kuchukua kopo langu la grisi. Lilikuwa nje chini ya turubai. Nikachovya kidole. Hakikuingia. Grisi ngumu kama sabuni ya kufulia! Nikakwangua kwa kisu, ikatoka vipande.

Nilisimama pale. Sikuelewa haraka, mimi si mtu wa kuelewa haraka. Halafu nikaelewa.

Jumapili nilipaka grisi kulabu ya kushoto ya ndege ya Teobaldo. Ilikuwa na kutu. Miaka kumi na tisa bandarini Salvador nimepaka kulabu za winchi kwa grisi nyeusi. Chumvi ya bahari inakula chuma, usipopaka kinakufa. Mwenye winchi kavu alikuwa anachekwa. Hivyo nilivyofunzwa. Kwetu joto, grisi inateleza, kulabu inafunguka kama mdomo wa mtoto. Nilipaka kwa kujaza, nikafuta kwa nje iwe safi. Nilipaka kwa kumpenda, nisijidanganye. Nilisema huyu kulabu yake isikwame.

Nilikwenda kwa Anacleto, nikamuuliza kama vile nauliza habari tu, huko juu baridi kiasi gani? Akasema ishirini chini ya sifuri, wakati mwingine zaidi, mate yanaganda kwenye barakoa. Akauliza kwa nini. Nikasema basi tu.

Nikachukua kulabu ya akiba stoo. Nikapaka. Nikaiweka nje kwenye baridi hii ya chini, ambayo si kitu. Saa moja. Nikavuta. Ilifunguka taratibu kama mtu mzito anaamka. Na hapa ni chini.

Nimemuua mimi.

Sio mimi peke yangu niliyepaka. Eurico aliona Jumapili, akasema hiyo nini? Nikamwambia dawa ya bandarini. Akachukua kopo akapaka juujuu ndege zetu nyingine mbili, labda ndiyo maana zao bado zinaachia. Na mimi, Jumatatu, nilikwenda karakana ilipo ndege ya Luteni Hildebrando, wanabadilisha injini. Imekaa bure, nikaona nafasi nzuri. Nikapaka kulabu zote mbili.

Jioni nilichukua ndoo ya petroli na brashi. Nimeosha zile mbili za Eurico. Akanikuta.

— Baiano, unaosha nini?

— Vumbi.

— Vumbi? Kwenye ukungu huu? Umeona wapi vumbi lenye maji?

— Niache, Eurico.

— Watu wa Bahia mkianza usafi kuna shida.

Akakaa juu ya toroli akanivutia sigara. Hakuuliza tena. Ni mtu mzuri, anasema sana ila anajua pa kuacha. Hapa kila mtu anaitwa kwa kwao, mimi Baiano, yaani mtu wa Bahia, jina langu Honorato wanalijua wachache. Yeye wa Rio, jina lake ndilo limeshinda kwa sababu analitaja mwenyewe kila dakika.

Karakana ilikuwa imefungwa. Kuna mlinzi. Angeniuliza nataka nini.

Ijumaa, 19 Januari

Naandika kirefu.

Asubuhi anga safi kama sahani. Orodha ikatoka, ndege kumi na moja. Ya Hildebrando imo, injini mpya. Ilitoka karakana ikaenda moja kwa moja upande wa pili wa uwanja, ikafungwa mabomu na watu wengine, maana sisi tulikuwa na zetu.

Nilikuwa na muda. Nasema kweli hapa. Nilikuwa na nusu saa nzima ya kuvuka uwanja na kusema, osheni kulabu ile. Wangeuliza kwa nini. Ningejibu nini? Nikajiambia karakana wameosha. Karakana wanaosha kila kitu. Nikajiambia hivyo mara tatu, na kila mara nilijua sijui.

Hildebrando ni mfupi, mkimya. Anakula machungwa mpaka kwenye ndege, maganda anaweka mfukoni asichafue. Amezidi safari sitini. Wamarekani wanarudi nyumbani wakifikisha idadi yao. Wetu hawana idadi, hakuna wa kuja badala yao, wanaruka mpaka vita viishe au waishe wao. Kila juma meza yao inapungua mtu.

Wakaruka saa tatu. Saa nne na dakika arobaini tukasikia wanarudi. Tunahesabu, kila mtu anahesabu, hata mpishi anatoka na mwiko. Tisa, kumi, kumi na moja. Watu wakashangilia. Halafu Eurico akasema, Mama yangu.

Chini ya bawa la kushoto la ndege ya mwisho. Bomu.

Alipita juu yetu, tukaliona waziwazi, nene, limekaa kimya. Gari la redio lilikuwa limesimama kando ya njia, kapteni ndani, mlango wazi. Sauti ya Hildebrando ikatoka kama mtu anaongea ndani ya debe. Amevuta mara sita. Ametikisa mabawa. Halitoki. Kapteni akamwambia asitue. Aende baharini, aruke na mwavuli, mashua itamtafuta.

Mtu akasema polepole nyuma yangu, bahari hii ya Januari? Dakika ishirini umekwisha.

Hildebrando akasema sawa. Sauti ileile. Sawa.

Miguu yangu ilikwenda yenyewe. Nilimpita Sajenti Lindolfo, nilimpita mlinzi, nikashika mlango wa gari. Kapteni akanitazama kama mbwa aliyeingia kanisani.

— Kapteni, ni grisi.

— Nini?

— Kwenye kulabu. Nimepaka grisi mimi. Imeganda huko juu. Ikipata joto italainika. Asiruke na mwavuli! Akae chini kabisa, juu ya maji, hewa ya chini ina joto. Nusu saa. Halafu avute tena. Petroli anayo?

Injini tu.

— Nani kakutuma upake grisi kulabu?

— Hakuna. Mimi.

Kapteni alikuwa na uso mwekundu ukawa mweupe. Akageuka akachukua chombo akamuuliza Hildebrando petroli. Dakika hamsini. Akamwambia ashuke chini, azunguke juu ya pwani, achomoe breki za hewa, sijui alisema nini, mambo yao, asipande zaidi ya urefu wa minara. Kila dakika tano avute.

Tulisimama. Nilisimama peke yangu, maana watu walisogea. Sio kwa ubaya. Walisogea tu.

Dakika tano. Halitoki. Dakika kumi. Halitoki. Kumi na tano. Hildebrando akasema kwenye redio kwamba anaona mvuvi mmoja Mtaliano anamwonyesha ngumi. Hakuna aliyecheka. Ishirini. Halitoki. Nilikuwa nafikiria ile kulabu, naiona ndani kama nimeishika, ile nyeusi yangu imejaa kwenye kona, ngumu. Lainika. Lainika, mama yangu. Zulmira, kama uko mahali unaponisikia, nisaidie. Sijamwomba mke wangu chochote tangu nimzike. Leo nilimwomba.

Ishirini na tano.

— Limesogea, alisema Hildebrando.

Halafu:

— Limekwenda. Samaki wasamehe.

Sasa walipiga kelele! Eurico alimrukia mpishi. Kofia juu. Sajenti Lindolfo alikaa chini pale pale kwenye tope, mtu mzima, akashika kichwa.

Mimi nilimwona Anacleto. Alikuwa kwenye kiti chake kati ya misonobari, ameinuka. Hakupiga kelele. Alikuwa ananiangalia. Na nilijua anachofikiria kwa sababu nilikuwa nafikiria hichohicho. Teobaldo alikuwa na petroli. Ndiyo maana moto ulikuwa mkubwa. Angezunguka nusu saa tu juu ya maji. Nusu saa. Ila hakuna aliyejua, kwa sababu mwenye kujua hakuwa anajua.

Leo alijua, na alinyamaza asubuhi. Hiyo ndiyo siwezi kuimeza. Ya Jumanne ni ujinga. Ya leo asubuhi si ujinga.

Jumamosi, 20 Januari

Nimehojiwa. Kapteni, karani na mashine ya kuandika. Kila ninachosema, taka taka taka.

Nilikuja lini? Meli ya Novemba, badala ya mtu aliyeugua mapafu. Mafunzo? Siku nne. Nilifundishwa kulabu inaoshwa kwa petroli na kutiwa matone mawili ya mafuta mepesi? Sikumbuki. Unasoma Kiingereza? Kapteni, mimi Kireno chenyewe nilifundishwa na mke wangu, mezani, kwa unga wa muhogo, ananichorea herufi kwa kidole.

Karani akaacha kupiga. Kapteni akamwambia hiyo usiandike.

Akauliza lini nilijua. Nikasema Alhamisi mchana. Akauliza mbona Ijumaa asubuhi sikusema. Nikasema niliogopa. Akasema rudia. Nikarudia. Hiyo aliandika. Taka taka.

Halafu Sajenti Lindolfo akaitwa. Nilikuwa nje ya hema, turubai haizuii kitu. Alisema kitabu cha Kiingereza anacho yeye, chini ya mto wake. Alisema amekisoma na hakumsomea mtu huyu, kwa sababu mtu huyu alikuwa anafunga vizuri kuliko wote na mikono yake alikuwa anaiamini. Alisema kama kuna karatasi ya kuandika jina, waandike mawili. Kapteni akamwambia asijifanye mtakatifu. Akasema mimi si mtakatifu, kapteni, mimi ni mvivu.

Karatasi inakwenda makao makuu. Jibu siku yoyote. Inaweza kuwa jela, inaweza kuwa meli ya kurudi, inaweza kuwa hakuna. Mpaka hapo niko jikoni, nisiguse bomu.

Nimemenya viazi. Mpishi anasema nimemenya vinene, nusu ya kiazi inaenda kwa nguruwe.

Eurico hajasema nami. Anapita. Mtu anayeongea hata usingizini! Afadhali angenitukana.

Jumapili, 21 Januari

Mvua. Wameruka mara moja tu.

Eurico kanitukana. Mungu asifiwe.

Alikuja jikoni, kasimama mlangoni, maji yanamtiririka. Akasema nilimfanya apake ndege mbili zile. Kama ningezisahau Alhamisi, kama mtu angekufa, angekuwa ameua na yeye bila kujua. Akasema nimemwambia vumbi. Vumbi! Mimi nakaa nakuvutia sigara, mpumbavu mzima, wewe unaosha dhambi zangu unaniambia vumbi!

Nikasema sikutaka ubebe.

— Nani kakwambia mimi sibebi? Tunabeba mabomu pamoja toka Novemba, miguu yangu imepinda kwa ajili yako, wewe unapima nibebe kipi nisibebe kipi? Mzee mjinga. Bahia yote mna vichwa vya nazi.

— Ndiyo.

— Usiniambie ndiyo!

Akachukua kisu akaanza kumenya. Alimenya vyembamba, kunionyesha. Tulimenya gunia. Hakuondoka mpaka liishe. Akasema ndege zetu sasa wanafunga yeye na bwege mmoja wa São Paulo ambaye anasema samahani kwa bomu likimgonga mguu. Nikacheka. Nilishtuka kujisikia.

Nimejaribu kumwandikia Dinorá. Nimeandika luteni amekufa. Halafu sikuweza kuandika nani. Barua iko hapa, mstari mmoja.

Jumatatu, 22 Januari

Misa ya siku ya saba.

Nyumbani misa ikiisha ndugu wa marehemu wanasimama mlangoni, kila mtu anapita anawakumbatia mmoja mmoja. Huku ndugu hawapo. Kikosi kina desturi yake toka rubani wa kwanza kufa, kabla mimi sijaja. Watu wa ndege yake ndio wanasimama. Fundi, wa redio, wa silaha. Wao ndio ndugu.

Nilisema siendi. Eurico akasema sawa, mimi nitasimama kwa wote wawili. Nikavaa buti za jikoni.

Anacleto akaja. Amenyoa. Shati safi. Hakuwa ameongea nami tangu Ijumaa.

— Kwa nini hujavaa?

— Anacleto, mimi siwezi kusimama pale.

— Kwa nini?

— Unajua kwa nini.

— Najua. Vaa.

— Watu watasema nini?

— Mimi ndiye nilikuwa nalala chini ya ndege ile. Watu hawakuwa wanalala. Sikwambii nimekusamehe, usinielewe vibaya, sijui hata kama nitaweza. Nakwambia yeye alikuwa akija asubuhi anakuita wewe kabla hajaniita mimi. Wivu nilikuwa nao. Sasa simama. Ukikaa jikoni utakuwa umemwacha peke yake mara ya pili.

Nikavaa.

Kanisa dogo la Wataliano, paa lina tobo, mvua inaingia karibu na padre. Padre wetu alisema Kilatini haraka kwa sababu ya baridi. Baadaye tukasimama mlangoni. Anacleto, wa redio, Eurico, mimi mwisho.

Kapteni alinipa mkono tu. Wengine wawili walimkumbatia Eurico wakatoka kwa mlango wa kando wasinifikie. Nawaelewa. Mpishi alinikumbatia mpaka mbavu zikalia, akalia yeye. Marubani wengi walikumbatia. Mmoja alinishika shingo akasema alikupenda sana yule mwendawazimu, halafu akaondoka haraka. Kila aliyenikumbatia nilitaka kumwambia acha. Kila aliyepita nilitaka kumwambia rudi. Sijui kueleza.

Sajenti Lindolfo alisimama foleni na askari wa kawaida. Akanikumbatia.

Hildebrando alikuwa wa mwisho. Alimkumbatia Anacleto. Akamkumbatia wa redio. Akamkumbatia Eurico, yeye mfupi Eurico mrefu, uso ulifika kifuani. Halafu mimi. Alisimama. Harufu ya machungwa. Sijawahi kumwona karibu namna ile, ana mvi upande mmoja, miaka ishirini na sita! Hakunikumbatia, hakunipa mkono. Alisema taratibu, ili nisikie mimi tu:

— Yule mvuvi nilimrushia biskuti baadaye. Alikuwa na haki.

Nikasema ndiyo, luteni.

— Ijumaa asubuhi ulijua?

— Nilijua.

Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeuliza saa akajibiwa. Akatoka kwenye mvua. Hakuvaa kofia.

Sasa ni saa moja jioni. Makao makuu hawajajibu. Yule bwege wa São Paulo ameangukiwa na jeki, vidole viwili, yuko hospitali. Mikono haitoshi. Kapteni amesema mpaka karatasi irudi watu wote kwenye mabomu, wote, na kila kulabu ikaguliwe na mtu wa pili kabla ya ndege kuondoka. Eurico amesema mtu wa pili wangu ni yeye na kwamba atanikagua mpaka kucha.

Sajenti kabandika orodha ya kesho kwenye mti. Saa mbili asubuhi, ndege nne, daraja. Nimekwenda kuangalia na tochi chini ya koti. Jina langu liko kwenye ndege ya Hildebrando. Nikamuuliza sajenti kama ni makosa. Akasema orodha alipewa Hildebrando aione saa kumi, akakaa nayo muda mrefu, akairudisha. Amesema nini? Hakusema kitu. Hajabadilisha? Hajabadilisha. Ameipenda? Honorato, sijui, kalale.

Nimechemsha brashi mbili. Nimeomba petroli safi debe moja, ya kuoshea kulabu zake. Kesho narudi kazini.